Ukurutu: Mdogo au Mkubwa?

Wanafunzi wa Mtwara mjini, wa Mikindani, wa Msimbati, na ninyi nyote mnaokaa karibu na mlango wa mto Ruvuma! Fungueni madaftari. Leo kalamu itamsaidia mganga.

Somo letu ni ukurutu, ambao wengine huuita pumu ya ngozi. Ngozi huwasha, hukauka, hupasuka, na pengine hutoa maji. Ugonjwa huu hauambukizi, kwa hiyo msimkatalie mtu kula nanyi katika sinia moja.

Tuseme mama mmoja wa Msimbati amempeleka mwanawe kwa mganga. Mganga anauliza, "Mama, ugonjwa ni mkubwa?" Naye anajibu, "Mkubwa kidogo." Je, mganga amepata nini? Hakupata kitu. Lakini mama akisema, "Juma hili mtoto amekosa usingizi siku nne," hapo mganga ana neno la kushika.

Basi, kwanza tupime ukurutu umeenea kiasi gani. Kiganja cha mtu pamoja na vidole vyake, vikiwa vimebanwa, ni karibu sehemu 1 katika 100 ya ngozi yake yote. Kiganja hicho ni cha mgonjwa mwenyewe, si chako wewe unayepima. Mtoto hupimwa kwa kiganja cha mtoto. Viganja 10 ni sehemu ya kumi ya mwili.

Walakini kipimo hiki peke yake chaweza kudanganya. Mtazameni mtu abanguaye korosho. Ganda la korosho lina mafuta makali ya kuunguza ngozi, ndiyo sababu wabanguaji hupaka majivu mikononi. Mtu huyu akipata ukurutu kwenye viganja vyake viwili tu, hesabu yetu ni 2 katika 100. Ni kidogo! Lakini mikono imepasuka, hawezi kubangua, hawezi hata kukamua tui. Mkimwambia ugonjwa wake ni mdogo mtakuwa mmemkosea sana.

Tena, msitafute wekundu tu. Vitabu vingi vya uganga vilionyesha picha za ngozi nyeupe. Katika ngozi yetu nyeusi, mahali penye ukurutu huweza kuonekana peusi zaidi, au pa rangi ya majivu, au ya zambarau. Paguseni: je, pana joto? Pamekuwa pagumu na pa kukwaruza?

Sasa andikeni. Mwaka 2004 wataalamu wa Nottingham, Uingereza, walitoa maswali saba ya kumwuliza mgonjwa. Katika siku saba zilizopita, ni siku ngapi ngozi iliwasha? Ngapi usingizi ulikatika? Ngapi ilitoka damu? Ilitoka maji? Ilipasuka? Ilibambuka? Ilikauka? Kama hakuna hata siku moja, andika 0. Siku 1 au 2, alama 1. Siku 3 au 4, alama 2. Siku 5 au 6, alama 3. Kila siku, alama 4. Kisha jumlisha. Alama 3 hadi 7, ugonjwa ni mdogo. 8 hadi 16, ni wa kadiri. 17 na kuendelea, ni mkubwa. Rudieni kila juma, na daftari mwende nalo kwa mganga.

Lakini mkiona usaha pamoja na homa, au malengelenge madogo yenye kuuma yanayoenea upesi, acheni hesabu. Mpelekeni mgonjwa hospitali siku ile ile, usiku au mchana.

Haya, zoezi. Mtoto wa mama yule aliwashwa kila siku. Alikosa usingizi siku 4. Damu ilitoka siku 2, maji hayakutoka. Ngozi ilipasuka siku 3, ilibambuka siku 5, ilikauka kila siku. Jumlisheni polepole, nangoja.

Mmepata 16? Vema. Ni ugonjwa wa kadiri, lakini alama moja tu ikiongezeka juma lijalo, utakuwa mkubwa. Kwaherini.