Mchango wa Watawa katika Elimu ya Watoto wa Kaya Maskini: Tunachoweza Kujifunza Simiyu kutoka Kituo cha Emusoi



Kabla sijaanza niseme kuwa haya ni maoni yangu kama mwalimu, si msimamo wa ofisi yoyote.

Waandaaji wa kikao hiki walitaka nianze na fasili. Mtawa mnamfahamu, na nadhiri zake tatu mnazijua. Kaya maskini mnazijua zaidi, kwani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) unazo kwenye orodha. Elimu bila ada tunayo tangu Januari 2016. Tusikae hapo.

Historia nayo ni fupi. Masista wa Maryknoll, shirika lililoanzishwa Marekani mwaka 1912, waliingia Tanganyika mwaka 1948 na kuanzia Kowak, Mara. Mwaka 1957 walifungua Marian College mjini Morogoro, shule ya wasichana ambayo baada ya kutaifishwa ndiyo Kilakala ya leo. Huku kwetu, mapadre wa Maryknoll walilijenga Jimbo la Shinyanga, na Askofu Edward McGurkin alitoka kwao. Kwa hiyo ninayekuja kumtaja si mgeni wa mbali.

Sista Mary Vertucci, Mmarekani wa shirika la Masista wa Maryknoll, alianzisha Kituo cha Emusoi jijini Arusha mwaka 1999 kwa ajili ya wasichana wa jamii za wafugaji, hasa Wamaasai. Hakujenga sekondari nyingine. Aliweka bweni na masomo ya maandalizi kwa waliomaliza darasa la saba, Kiingereza kikiwemo, kisha msichana akatafutiwa nafasi na mfadhili katika sekondari za bweni. Kwa maneno mengine, Sista alianza na kitanda, darasa likafuata. Hilo ndilo fundisho langu lote.

Sasa niseme kilichonileta. Tatizo la wasichana wetu wa sekondari za kata linaitwa geto.

Mnajua linavyokuwa. Shule iko mbali na nyumbani, mtoto wa miaka kumi na minne anapangishiwa chumba karibu na senta. Mzazi analeta debe la mahindi na chumvi. Fedha ya mboga, mafuta ya taa na sabuni, mtoto "atajua mwenyewe". Wa kwanza kujua ni kijana wa bodaboda anayempa lifti mvua ikinyesha. Ifikapo Agosti tunaandika "utoro" kwenye taarifa, na mimba inapoonekana tunawaita sungusungu.

Tunapoulizwa sababu, tunasema mila: chagulaga, yaani vijana kumzingira msichana achague mmoja wao, na ng'ombe wa mahari. Sikatai. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2010 uliiweka Shinyanga ya wakati ule, iliyokuwa na Bariadi, Maswa na Meatu za Simiyu ya leo ndani yake, juu kabisa nchini kwa ndoa za utotoni: wasichana 59 katika kila 100, wakati wastani wa taifa ulikuwa 37. Lakini mila haikumpangishia mtoto chumba. Tulimpangishia sisi. Sheria ya Elimu iliyorekebishwa mwaka 2016 inataja kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi mimba, na nakubaliana nayo, ila inafika mtoto akiwa ameshaumia. Waraka wa 2021 wa kuwarudisha shuleni waliojifungua ni mzuri pia. Anarudi wapi? Geto lile lile.

Nimeliandika jambo hili kwenye taarifa nyingi za robo mwaka. Hujibiwa kuwa "limepokelewa".

Haki itendeke: hosteli zimejengwa. Lakini niliwahi kuingia hosteli iliyokamilika nikakuta mifuko ya saruji na madawati mabovu, kwa sababu chakula hakikuchangwa na matroni hakuwepo. Hapa kuna jambo ambalo mgeni hawezi kuliona. Muhula unaanza Januari, wakati kaya ya mkulima wa pamba haina kitu. Fedha inaingia msimu unapofunguliwa Mei. Tunamdai mzazi katika mwezi ambao hana kitu, kisha tunasema hana mwamko.

Napendekeza yafuatayo. Kwanza, kila sekondari ya kata yenye wasichana wanaoishi geto iwe na hosteli, na iliyopo itumike. Pili, michango ya chakula ikusanywe msimu wa pamba, kupitia vyama vya ushirika vya wakulima (AMCOS), kwa ridhaa ya wazazi. Tatu, matroni apatikane kabla ya rangi ya ukutani. Nne, mkuu wa shule ajue kila mwanafunzi analala wapi, kwa daftari, na mwenyekiti wa kitongoji awe na nakala. Tano, parokia zenye nyumba zisizotumika zikae na halmashauri. Sita, Wataturu na Wahadzabe wa Meatu wapewe masomo ya maandalizi kama ya Emusoi, maana hali yao inafanana na ya wale wa Arusha. Saba, hosteli itumike; nimeshalisema, narudia kwa sababu ndilo linalosahaulika kikao kikiisha. Nane, neno "utoro" lisiandikwe bila kueleza mtoto alikuwa analala wapi.

Masista mliomo ukumbini, nyumba za malezi mnazo na uzoefu mnao. Akija mfadhili anayetaka kujenga darasa, mwombeni ajenge bweni na amlipe matroni kwa miaka mitatu ya mwanzo.