Kunakili Mfumo Mzima wa Linux

Nakala rudufu ya mfumo mzima wa Linux hubeba picha na nyaraka za mwenye kompyuta pamoja na programu, mipangilio na akaunti zote, ili diski ikifa, mashine irudi kama ilivyokuwa. Programu inayotegemewa sana kwa kazi hii ni rsync, ya Andrew Tridgell na Paul Mackerras, iliyotoka mwaka 1996. Mara ya kwanza hunakili kila kitu. Baada ya hapo hupeleka yaliyobadilika tu.

Diski ya kupokelea ndiyo ya kukaguliwa mwanzo. Diski nyingi za nje na flashi huuzwa zikiwa na mifumo ya faili ya FAT32 au exFAT, ambayo haihifadhi faili ni la nani wala nani ana ruhusa ya kulifungua. Mfumo uliorejeshwa kutoka humo huweza kuonekana umekamilika, na bado ukagoma kuwaka. Diski ifomatiwe kwa ext4, mfumo wa faili wa Linux, baada ya kuhamisha vilivyomo, maana kufomati hufuta vyote.

Yaliyomo kwenye folda za proc, sys, dev na run huachwa, kwa sababu mfumo huzijaza upya kila kompyuta inapowashwa. Mnt na media nazo huachwa: diski ya nje huonekana humo, na nakala ingeanza kujinakili yenyewe.

Balaa kubwa liko kwenye chaguo la rsync liitwalo delete. Chaguo hili hufuta kwenye nakala chochote kisichokuwepo kwenye chanzo. Anayekosea akatanguliza diski tupu badala ya mfumo, huufuta mfumo wake kwa mkono wake. Ndiyo maana amri huendeshwa kwanza ikiwa na herufi n na v, zinazoorodhesha kitakachotokea bila kugusa faili hata moja. Dakika mbili za kuisoma orodha hiyo hazipaswi kurukwa kamwe. Amri ya findmnt nayo huthibitisha kwamba diski ya nje imeunganishwa kweli. Isipokuwepo, nakala huishia ndani ya kompyuta ileile na kuijaza.

Kazi ikiisha, folda moja hurejeshwa mahali pengine na kulinganishwa na ya asili, kisha diski huchomolewa na kuwekwa mbali na umeme. Siku ya kurejesha mfumo wote kwenye diski mpya, kompyuta huwashwa kwa flashi ya Linux, nakala hurudishwa, namba ya utambulisho ya diski hubadilishwa katika faili la fstab, na GRUB, programu inayouwasha mfumo, husakinishwa upya.