Amani kwa Aliyeweka Silaha Chini

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Twamshukuru, twamtaka msaada, na kwake twaomba msamaha. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baad. Ndugu Waislamu mliohudhuria, nanyi mnaotusikiliza majumbani, nakuusieni pamoja na nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu. Maudhui yetu leo ni haya: vita vinapokwisha na upande mmoja ukashinda, ni ipi haki ya mateka? Na ni ipi haki ya mtu aliyemtumikia adui, kisha akaweka silaha chini?

Katika Sura ya Al-Insan, Mola wetu anawasifu waja wema kwamba huwalisha chakula, ingawa wao wenyewe wanakipenda, maskini na yatima na mateka. Tazameni, ndugu zangu, mateka ametajwa pamoja na yatima. Jana alikuwa na upanga mkononi. Leo hana mtetezi ila Mungu.

Mwezi wa Ramadhani, mwaka wa 8 wa Hijra, Mtume (S.A.W.) aliingia Makka na jeshi la watu wapatao 10,000. Mji huo ndio uliomfukuza na kuwatesa wafuasi wake. Hata hivyo ikatangazwa kuwa kila aliyejifungia nyumbani mwake yu katika amani. Bibi Umm Hani alikuwa amewapa hifadhi watu wa upande wa mumewe, na nduguye, Sayyidna Ali, akataka kuwaua. Bibi huyo akaenda kwa Mtume, na Mtume akaikubali hifadhi aliyoitoa. Ahadi ya mwanamke mmoja, asiye na cheo jeshini, ikalifunga jeshi zima.

Baada ya hapo Khalid bin al-Walid alitumwa kwa Banu Jadhima. Watu hao walijisalimisha, lakini hawakujua kutamka vizuri kwamba wamesilimu. Khalid akaua baadhi yao, akaamuru mateka waliobaki wauawe. Abdallah bin Umar akakataa kumwua mateka wake. Habari ilipomfikia Mtume, aliinua mikono yake mbinguni akajitenga mbele ya Mungu na kitendo cha Khalid. Wala hakuishia hapo. Wasimulizi wa sira wanaeleza kuwa alimtuma Sayyidna Ali na mali ya kulipa dia, akalipa kila kilichoharibiwa, hata chombo cha kunyweshea mbwa.

Ndugu zangu, kwa mizani hiyo tuitazame Aljeria, nchi ya Waislamu wenzetu. Ufaransa iliivamia mwaka 1830. Amiri Abdelkader alipigana nayo miaka mingi, akasifika hata kwa maadui kwa jinsi alivyowatunza mateka. Alipojisalimisha mwaka 1847, aliahidiwa kupelekwa Iskandaria au Akka. Ahadi ikavunjwa, akafungwa Ufaransa hadi 1852. Naye, aliyedhulumiwa hivyo, ndiye aliyewaokoa maelfu ya Wakristo mjini Damascus mwaka 1860.

Vita vya ukombozi vilianza tarehe 1 Novemba 1954. Waaljeria walidai haki yao, na wakoloni wakawatesa wafungwa wao. Larbi Ben M'hidi, kiongozi wa mapinduzi, alikamatwa mwaka 1957 akauawa akiwa kifungoni, wakasema amejiua. Ufaransa haikukiri rasmi hadi Novemba 2024.

Mwezi wa Machi 1962 mapatano yalitiwa saini huko Evian. Moja ya ahadi zake ilikuwa kwamba hakuna atakayeadhibiwa kwa matendo yaliyotangulia kusimamishwa vita. Lakini walikuwako Waaljeria Waislamu waliolitumikia jeshi la Ufaransa, waitwao Harki. Wengine walisukumwa na njaa, wengine na kisasi cha jamaa zao waliouawa, wengine walilazimishwa. Ufaransa ikawanyang'anya silaha, na serikali yake ikaagiza wasivushwe ng'ambo ila kwa utaratibu wake. Katika miezi iliyofuata, maelfu yao waliuawa. Wanahistoria wanaeleza kuwa miongoni mwa wauaji walikuwamo watu waliojiunga na mapambano mwezi huo wa Machi, risasi zikiwa zimekwisha kunyamaza. Asiyepigana wakati wa hatari alitafuta ushujaa kwa mtu aliyefungwa mikono.

Na waliofanikiwa kuvuka bahari walitiwa kambini, kama ile ya Rivesaltes, nyuma ya seng'enge. Katika kambi nyingine, kama Bias, watoto wao walikulia humo hadi mwaka 1975. Rais wa Ufaransa aliwaomba msamaha mwaka 2021, miaka 59 baadaye.

Huenda mtu akasema: "Wale walikuwa wasaliti." Twamjibu: mwenye kosa ana kadhi, ana ushahidi na ana hukumu. Katika Sura ya Al-Maida tumeamrishwa kwamba kuwachukia watu kusitupeleke kuacha uadilifu. Na mtoto wa Harki alikosa nini? Qur'ani imetufundisha kuwa hakuna abebaye mzigo wa mwingine. Ubora wa vita vya haki hauhalalishi damu ya aliyepewa amani. Jeshi la Khalid nalo lilikuwa jeshi la haki, na Mtume hakulifichia kosa lake.

Msidhani, ndugu wasikilizaji, kuwa maneno haya ni ya majeshi peke yake. Mwizi akamatwapo mtaani, akafungwa kamba, huyo sasa ni mateka wenu. Anayemtupia jiwe hana tofauti na shujaa wa mwezi wa Machi. Mpelekeni mbele ya sheria. Na ukishinda kesi ya shamba, usiwafukuze watoto wa mwenzio kisimani. Na watu wako wakidhulumu, usiwatetee. Sema kweli, ulipe kilichoharibiwa.

Ewe Mola wetu, tujaalie uadilifu tunapokuwa na nguvu na subira tunaposhindwa. Warehemu waliouawa baada ya kupewa amani, na uziunganishe nyoyo za waliofarakana. Nasema kauli yangu hii, na namwomba Mwenyezi Mungu anisamehe mimi, nanyi, na Waislamu wote. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwenye kurehemu.