Tusinunue Vyumba Vilivyofungwa

Maneno kwa wanachama wa Chaani



Wengi wetu tunaofanya kazi bandarini na Changamwe tunapanga vyumba hapa Chaani. Tukipata kiinua mgongo, au mkopo wa ushirika, fikira ya kwanza ni kununua nyumba ya vyumba ili tule kodi uzeeni. Fikira hiyo ni njema. Hatari ni kununua nyumba ambayo hatukuonyeshwa yote.

Dalali humleta mnunuzi saa nne asubuhi, wapangaji wako kazini. Vyumba viwili viko wazi, sita vina kufuli. Kisha anamhimiza: toa pesa leo, yuko mwingine anaitaka.

Tufanye hesabu. Vyumba 8 kwa Sh. 3,000 ni Sh. 24,000 kwa mwezi. Ikiwa viwili vinavuja hata havikaliki, na kimoja anakaa bure jamaa ya mwenye nyumba, zinabaki Sh. 15,000. Lakini mkopo utakatwa katika mshahara vilevile.

Basi tufanye hivi.

Kwanza, turudi jioni au Jumapili. Tubishe hodi kwa adabu, kwani chumba ni cha mpangaji. Tumwulize analipa kiasi gani, amelipa mpaka lini, na ameweka amana ngapi. Turudi tena siku ya mvua, tutazame paa, uani na shimo la choo.

Pili, twende ofisi ya ardhi. Hapa Pwani, tangu sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908, nyumba nyingi zimesimama juu ya ardhi ya mtu mwingine: huyu ana kuta, yule ana kiwanja na anadai kodi yake. Tena daftari la ardhi halionyeshi yote. Mpangaji wa mwezi kwa mwezi anaweza kuwa na haki yake hata kama jina lake halimo daftarini. Kodi ya kiwanja ambayo haikulipwa serikalini nayo humfuata mnunuzi.

Tatu, mapatano yaandikwe, yatiwe sahihi, na mashahidi wawepo. Yaseme kwamba vyumba vyote vitafunguliwa kabla ya kumaliza malipo, na kwamba amana za wapangaji zitakabidhiwa kwa mnunuzi.

Muuzaji akikataa kufungua, kila chumba kilichofungwa tukihesabu kuwa kibovu, na bei ishuke kwa kiasi hicho. Akikataa na hilo, tumwachie nyumba yake.

Ndugu, pesa hizi ni jasho la miaka mingi. Kabla ya kutoa hata shilingi moja, leteni karatasi kwa halmashauri yenu tuzisome pamoja, kisha twende kwa wakili. Na atakayenunua akumbuke: wapangaji wale ni wafanyakazi wenzetu.