Mtoto Wako Atamwambia Nani?

Leo tuache kidogo chanjo na uji wa lishe, tuzungumze juu ya watu wazima ambao mtoto anawaamini.

Kila muhula zahanati huletewa watoto wanaolalamika tumbo. Tunapima malaria, tunapima choo, hakuna kitu. Ukiuliza vizuri, tumbo lenyewe huuma Jumapili jioni na Jumatatu asubuhi, na shule zikifungwa hupona bila dawa. Mama ataomba dawa ya minyoo. Nitampa, lakini nitamuuliza pia: mtoto huyu akiogopa kitu shuleni, humwambia nani?

Wengi hujibu, "Ataniambia mimi." Huenda. Lakini wewe umetoka alfajiri kwenda sokoni, unarudi amelala. Tena kuna mambo ambayo mtoto hawezi kumwambia mama, hasa ikiwa anayemsumbua ni mtu mama anayemheshimu: mjomba, mwalimu, jirani aliyesaidia karo. Mkono mmoja haulei mwana. Anahitaji watu wawili au watatu, na mmoja wao awe pale shuleni.

Keti naye umuulize: "Mtu akikuumiza, au akikushika sehemu za siri, utamwendea nani?" Usimchagulie. Pengine utatarajia amtaje mwalimu wa darasa, naye amtaje mpishi wa shule. Mpishi ni sawa kabisa. Nenda ujuane na mpishi huyo, umwambie kwamba mtoto wako amemtaja. Siku ya mkutano wa wazazi, uliza pia mwalimu wa ushauri nasaha ni nani, kabla hujawa na shida naye.

Mtu wa kuaminiwa hamwambii mtoto afiche siri. Anayempa peremende na kumwambia, "Usimwambie mama," huyo mchunge, hata kama ni wa ukoo.

Sisi huwafunza watoto kumtii kila mkubwa. Hapo mimi hutofautiana na wengi. Mtoto ajue kwamba anaweza kumkatalia mtu mzima, akimbie, apige kelele, na hataadhibiwa nyumbani. Wavulana wajue hivyo pia. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba asilimia 32 ya wasichana na asilimia 18 ya wavulana walikuwa wamepitia dhuluma za kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Utafiti wa 2019 ulionyesha idadi imepungua, lakini bado ni watoto wengi mno.

Sasa, mtoto akikuambia? Usipige mayowe, usimchape, usimuulize jambo lile lile mara kumi. Mwambie, "Nakuamini, na si kosa lako." Ikiwa amenajisiwa, usimwogeshe wala usifue nguo zake. Zifunge kwa gazeti au mfuko wa karatasi, si wa plastiki, mwende hospitali ya serikali siku hiyo hiyo. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi lazima zianze kabla saa 72 hazijaisha, na kila saa inayopita hupunguza nguvu yake. Kisha ripoti polisi. Kuketi chini ya mti mkalipwa mbuzi si kutatua jambo. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inataka mkosaji apelekwe kortini.

Viboko navyo vilipigwa marufuku shuleni tangu 2001. Mtoto akirudi na alama mgongoni, una haki ya kwenda kuuliza, hata kama wazazi wengine watakuita mdekezaji.

Mfunze mtoto nambari 116. Ni ya bure, usiku na mchana, na anayejibu ameandaliwa kumsikiliza mtoto. Mwambie aikariri kama anavyokariri nambari ya simu yako.

Wiki ijayo tutarudi kwenye uji. Kwaherini.