Keti Naye Kwanza

Leo tunazungumza juu ya jirani yako aliyefiwa njiani, akafika kambini peke yake.

Pengine unataka kumfariji, lakini unaogopa kukosa maneno. Kumbuka habari za Ayubu. Rafiki zake watatu, Elifazi, Bildadi na Sofari, walipomwona walilia, wakaketi naye chini siku 7, usiku na mchana, bila kusema neno. Hapo walikuwa rafiki kweli. Walikosea baadaye, walipoanza kumwambia kwamba anateseka kwa sababu ya dhambi zake.

Nasi tujihadhari. Usimwambie mama aliyezika mtoto kwamba imani yake ilikuwa ndogo. Usimhoji yaliyompata, akitaka, atakusimulia mwenyewe. Mchotee maji. Mshikie nafasi kwenye foleni ya mgao. Keti naye mkekani. Akilia, mwache alie. Akitaka muombe pamoja, ombeni kwa maneno machache. Ikiwa dini yake si yako, mhudumie vilevile.

Ninyi mlioko Nyarugusu tangu 1996 mnajua siku ya kwanza ilivyo. Ndugu zetu wa Burundi walipoanza kuingia mwaka 2015, waliwakuta watu wanaojua maana ya kukimbia. Uchungu ule unaweza kuwa msaada kwa mwingine.

Na akisema hataki tena kuishi, usimwache peke yake. Msindikize kwa mhudumu wa afya.

Kabla hujalala leo, mpigie hodi. Mungu akubariki.