Simeoni Nsibambi, Mtu wa Namirembe Aliyevua Viatu

Kuna ujumbe umeingia kutoka kwa msikilizaji wetu wa Ngara. Anasema kanisani kwao wameanza kuzungumzia maadhimisho ya miaka 100 ya Uamsho wa Afrika Mashariki, maana Septemba 2029 haiko mbali, na wazee tayari wameshagawanyika. Wako wanaoshikilia kwamba uamsho uliletwa na daktari Mwingereza, Joe Church. Wako wanaosema hapana, mwanzilishi ni Mganda, Simeoni Nsibambi. Msikilizaji anauliza: nani mkweli?

Ndugu yangu wa Ngara, umenigusa penyewe. Nsibambi ndiye mtu ninayempenda kuliko wote katika historia ya makanisa ya ukanda huu wetu, na nilikuwa natafuta sababu ya kumzungumzia.

Habari za uamsho kwa jumla mnazijua. Wengi wenu mmelelewa na bibi aliyekuwa hakosi ushirika wa waliookoka, na wimbo wa Tukutendereza mnauimba hata nyinyi msiojua neno lingine la Kiganda. Kwa hiyo hayo nayaruka, niende moja kwa moja kilimani Namirembe, Kampala, Septemba 1929.

Huyo Joe Church alikuwa daktari kijana wa misioni, kituo chake kikiwa Gahini, mashariki mwa Rwanda. Rwanda ilikuwa imetoka kupigwa na njaa kali. Watu walikufa mbele ya macho yake, wafanyakazi wa hospitali walikuwa hawaelewani, na yeye mwenyewe amechoka, moyo umemwisha. Akaja Kampala kupumzika. Jumapili anapanda kilima kwenda kanisani, anamwona Mwafrika amevaa suti nyeusi, amesimama kando ya pikipiki yake. Ndiye Simeoni Nsibambi.

Hebu mtazameni vizuri huyo mtu. Pikipiki mwaka 1929! Suti! Huyu alizaliwa 1897, mtoto wa chifu, amesoma Budo, shule ya wakubwa wa Buganda. Vita Kuu ya Kwanza alitumikia katika kikosi cha matabibu. Baada ya vita akawa afisa wa afya katika serikali ya Buganda. Kwa kipimo cha siku zile, huyu amefika. Na ni Mkristo, tena anayejulikana. Kanisa la Uganda lilikuwa limetoka kusherehekea miaka 50 mwaka 1927, makanisa yamejaa, ubatizo na uchifu vinakwenda pamoja. Sasa mtu wa namna hiyo anamsogelea daktari mchovu na kumwambia: kuna kitu kimepungua ndani yangu, na kimepungua katika kanisa lote la Uganda. Unaweza kuniambia ni nini?

Nataka mlisikie hilo vizuri. Aliyeuliza ni Nsibambi. Daktari hakuwa amekuja na jibu mfukoni, naye alikuwa anatafuta kitu hichohicho. Wakakaa siku mbili na Biblia zao, wakifuata mistari inayomhusu Roho Mtakatifu, wakaomba, wakaachana. Hawakuitisha mkutano wala hawakuunda kamati. Siku mbili tu, watu wawili.

Baada ya muda mmisionari mmoja akamjia Church kwa malalamiko. Umemfanya nini Nsibambi? Amerukwa na akili, anazunguka kumuuliza kila mtu kama ameokoka, sasa hivi ametoka kumuuliza mtunza bustani wangu!

Mtunza bustani, wasikilizaji. Hapo ndipo mimi nilipoanza kumpenda mtu huyu. Angeweza kuanza na machifu, au na maaskofu. Akasimama na mtu mwenye jembe mkononi, kwenye ua wa mzungu, akamuuliza habari za roho yake kama anavyoulizwa mtu mwenye maana. Kisha akaacha kazi ya serikali. Akaacha suti, akavaa kanzu nyeupe. Akaacha na viatu. Mji mzima wa Mengo ulikuwa unamfahamu, na sasa unamwona anapita pekupeku, anasimamisha watu njiani.

Nikiwa bado hapohapo, nisimulie habari ya Yosiya Kinuka, kwa sababu bila hiyo hamtaelewa uamsho huu ulifanyaje kazi.

Kinuka alikuwa kiongozi wa wasaidizi hospitalini Gahini. Yeye na Daktari Church walikuwa hawapatani. Daktari akamtuma Kampala akaonane na Nsibambi. Kinuka akafika, akakaribishwa, akaulizwa: hospitali inaendeleaje? Akaanza kumwaga. Fulani mvivu, fulani hivi, fulani vile. Nsibambi akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia kwamba tatizo la hospitali ile limo moyoni mwake yeye Kinuka.

Hebu jiweke mahali pake. Umesafiri kutoka Rwanda mpaka Kampala kwa barabara za 1931, umekuja kuonewa huruma, unaambiwa tatizo ni wewe! Kinuka aliondoka amekasirika. Njiani wakati wa kurudi, garini, hasira ikamgeukia kuwa toba. Akafika Gahini mtu mwingine, na jambo la kwanza likawa kwenda kwa wale aliokuwa anawasema. Baadaye akawa kasisi. Na hospitali ikabadilika kuanzia kwa mtu mmoja aliyeacha kusengenya.

Hiyo ndiyo hoja yangu ya leo: katika uamsho ule, ushuhuda ulianza kwa yule uliyemkosea. Kwanza unamrudishia mbuzi uliyemwibia, ndipo unamhubiria. Desemba 1933 pale Gahini, mwisho wa wiki ya mafundisho, mtu mmoja alisimama katikati ya maombi akaungama dhambi yake, akafuata mwingine, na mwingine, kwa zaidi ya saa mbili. Mwaka 1935 moto ukawaka Kabale, kwenye mkutano ambao Nsibambi, Kinuka na Church walifundisha pamoja. Na baada ya mikutano kama hiyo watu wakawa njiani wanarudisha vitu: pesa, majembe, mifugo, kodi waliyokwepa. Karani wa serikali anashtuka kumwona mtu anakuja mwenyewe kulipa deni ambalo hakuna aliyekuwa analijua. Mume anamwambia mkewe alikokuwa. Na wamisionari nao, Waingereza wa enzi ile ya ukoloni, wakaanza kuwaomba msamaha Waafrika kwa kiburi chao. Waliokuwa hawawezi kula sahani moja, mfugaji na mkulima, bwana na mtumishi, wakaketi wakala pamoja.

Msidhani kila mtu alipiga vigelegele. Wazee wa jadi walikasirika: mambo ya chumbani yanasemwaje hadharani? Jamaa anaungama uzinzi wake na kumtaja na mwenzake, nyumba mbili zinawaka moto. Na wengine katika hao waliookoka walijaa majivuno, wakamtazama askofu usoni na kumwambia hajaokoka. Hilo lilileta ugomvi mkubwa, na ugomvi wenyewe ulipasukia Mukono.

Mwaka 1941 katika Chuo cha Askofu Tucker, pale Mukono, kulikuwa na kundi la wanafunzi waliookoka, mmoja wao William Nagenda. Walikuwa wanaamka alfajiri, giza bado, wanaomba na kuhubiri, na wanasema waziwazi juu ya wizi na uasherati wa chuoni. Mkuu wa chuo akapiga marufuku mikutano ya alfajiri. Wakakataa kutii. Oktoba wanafunzi zaidi ya 20 wakafukuzwa, Nagenda akiwemo, na njia yake ya kuwa kasisi ikaishia hapo. Nikisoma habari hizo nawaona pande zote mbili. Shule haiwezi kwenda kila mtu akijipangia ratiba. Lakini mkuu wa chuo aliyeambiwa wizi upo, akaanza kwa kuzima saa ya maombi badala ya kumtafuta mwizi, hapo alikosea. Nagenda alienda akahubiri bila kola ya ukasisi, Afrika Mashariki yote, na 1947 akafika Uingereza na Church. Na jambo la kushangaza: wengi wao hawakujitenga na kanisa lililowafukuza. Walibaki ndani, wakiendelea kusumbua.

Naona simu inawaka. Tumsikilize mama wa Karagwe... Ahsante mama, nimekupata. Wasikilizaji, mama anauliza jambo zito: kama uamsho ulianzia Rwanda, mauaji ya kimbari ya 1994 yalitokeaje?

Nilikuwa nifikie huko baadaye, lakini mama kauliza, tuliseme sasa.

Miaka ileile ya 1933 na 1934, wakati watu wa Gahini wanalia na kuungama, utawala wa Wabelgiji ulikuwa unahesabu watu na kuwaandikia vitambulisho: huyu Mhutu, huyu Mtutsi, huyu Mtwa. Mambo hayo mawili yalikwenda sambamba katika nchi moja. Wale waliookoka walimtafuta Mhutu waliyemkosea na Mtutsi waliyemchukia, wakapatana kwelikweli. Ila kile kitambulisho kilichoandikwa ofisini hawakukigusa. Walifundishwa kuungama mbuzi, wake, chuki ya moyo. Dhambi iliyoandikwa kwenye karatasi ya serikali haikuwa na wa kuiungama. Kisha 1959 nyumba zikachomwa, Watutsi wengi wakakimbilia Uganda, Burundi na huku kwetu, na walokole wengi, yaani hao waliookoka, walikuwa miongoni mwao. Ilipofika 1994, viongozi wa makanisa wengi walikuwa wameshakaa meza moja na watawala. Hiyo ndiyo hukumu yangu, na naitoa kwa uchungu.

Lakini mama, sikiliza na hili. Israel Havugimana, Mhutu, kiongozi wa kazi ya uinjilisti Kigali, alikuwa anawakutanisha Wahutu na Watutsi kwa ajili ya upatanisho. Walimuua mapema kabisa, Aprili 1994. Na kabla ya hapo Uganda, Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeokoka 1948 ndani ya uamsho huuhuu, yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Rais Idi Amin barua Februari 1977 kulalamikia mauaji na ukatili. Tarehe 16 mwezi huohuo Luwum akauawa. Kwa hiyo wapo waliotoka na imani ile kwenye ushirika wakaipeleka mpaka ikulu. Walikuwa wachache mno.

Na mwenzake Luwum, Askofu Festo Kivengere, huyu ana uhusiano na kwetu hapa Tanzania pia. Miaka mingi alikuwa mwalimu Dodoma. Alipookoka 1941 kulikuwa na mmisionari Mwingereza ambaye yeye Kivengere alikuwa anamchukia. Kivengere hakuhubiri kwanza. Alipanda baiskeli, akakanyaga maili 50, zaidi ya kilomita 80, akagonga mlango wa yule mzungu, akamwambia: nimekuwa nikikuchukia, nisamehe. Maili 50 zote mtu una nafasi ya kugeuza baiskeli! Akafika. Miaka 36 baadaye, alipolazimika kuikimbia nchi ya Amin, Kivengere aliandika kitabu akakipa jina la kumpenda Amin, na watu wakashangaa. Mimi sikushangaa. Aliyekanyaga zile maili 50 alikuwa ameshajifunza.

Basi nirudi kwa mzee wangu Nsibambi. Mnafikiri aliishia wapi mtu huyu? Mnadhani alizunguka dunia na kuhubiria maelfu? La. Miaka ya 1940 ilipoanza, ugonjwa ulimlaza, na akakaa nyumbani kwake karibu na Namirembe zaidi ya miaka 30. Mdogo wake Blasio Kigozi alikuwa ameshakufa Januari 1936, kijana kabisa, akiwa amebeba ujumbe wa kulitaka kanisa liamke. Wengine wakawa maaskofu: Kivengere, Olang' wa Kenya, Kibira wa Bukoba aliyekuja kuwa rais wa Walutheri duniani. Nsibambi alikuwa kitandani au kitini. Watu wakamfuata nyumbani, mmoja mmoja, walimu, wakulima, maaskofu, na kila aliyekuja kumsengenya mwenzake alipata lile alilopata Kinuka. Alifariki 1978. Mwanawe Apolo alikuja kuwa Waziri Mkuu wa Uganda mwaka 1999.

Sasa jibu la Ngara. Waambie wazee hivi: Church alileta jina lake, barua zake na kitabu chake, na ndiyo maana vitabu vingi vya Ulaya vinaanza naye. Aliyeuliza swali ni Nsibambi, na aliyemrekebisha Kinuka, ambaye kupitia kwake Gahini ilianza kubadilika, ni Nsibambi. Kama mnaandika jina moja kwenye bango la 2029, andikeni la aliyeuliza. Kama kuna nafasi ya majina mawili, wekeni yote, maana wenyewe walikuwa marafiki mpaka uzeeni na hawakugombana juu ya hilo.

Na kwenu nyote mnaonisikia Kagera, Kigoma, Dodoma, Kisumu, Kigezi: kama kwenu bado yupo mzee au bibi aliyekuwa kwenye ushirika ule, mwende mkae naye kabla ya 2029. Muulizeni alirudisha nini, kwa nani, na yule mtu alimjibuje. Andikeni kwenye daftari, na tarehe, na jina la kijiji. Barua za daktari zimehifadhiwa. Maneno ya bibi yako hayajaandikwa na mtu.